Maswali na majibu: fulana, kanga na mifuko yenye nembo ya kampuni

Swali: Kampuni yetu ya usafirishaji ina wafanyakazi 120, na tunahitaji fulana za Mei Mosi zenye nembo ya rangi tatu. Zile za mwaka jana zilibanduka maandishi baada ya kufuliwa mara mbili. Je, safari hii tudarizi?

Jibu: Yaliyobanduka yumkini hayakuwa rangi, bali plastiki nyembamba iliyobandikwa kwa mashine ya joto. Kwa idadi yenu ninapendekeza silkskrini, ambapo kila rangi hutengenezewa fremu yake na kusukumwa kupitia wavu hadi ishike kwenye kitambaa. Gharama ya kuandaa fremu ni ileile kwa fulana 20 au 200, na ndiyo maana bei ya fulana moja hushuka kadiri oda inavyokua. Mkikubali nembo ichapwe kwa rangi moja tu, mtakuwa mmeokoa fremu mbili. Kudarizi kunapendeza, lakini kwenye fulana nyepesi ya shingo ya duara nyuzi hukivuta kitambaa kikakunjamana, kwa hiyo kuacheni kwa ajili ya kofia na zile fulana za kola ambazo wauzaji wa Kariakoo huziita fomu siksi. Mwulizeni muuzaji uzito wa kitambaa pia: fulana ya gramu 180 kwa mita ya mraba huvalika mwaka mzima, ilhali ya gramu 140, hasa ikiwa nyeupe, huonyesha kilichovaliwa ndani. Kisha chukueni sampuli moja, ipimeni urefu, ifueni mara tatu, ianikeni juani na kuipima tena kabla ya kuagiza nyingine 119.

Swali: Mchapaji ameikataa nembo yetu tuliyomtumia kwa WhatsApp, ingawa kwenye simu inaonekana vizuri. Anatusumbua?

Jibu: Hawasumbui. Picha iliyopita WhatsApp huwa imebanwa, na ikikuzwa kufikia upana wa mgongo kingo zake hukwaruzika. Mwombeni aliyebuni nembo faili ya vekta, yaani mchoro unaoweza kukuzwa bila kuharibika, kwa kawaida wa aina ya AI, EPS au PDF, pamoja na namba za rangi za Pantone, mfumo unaoipa kila rangi namba yake.

Swali: Mkurugenzi anataka wafanyakazi wanawake wapewe kanga tarehe 8 Machi, na kwenye sehemu ya jina liandikwe jina la kampuni na namba za simu. Ushauri wako ni upi?

Jibu: Mshawishini aghairi, kwa upole. Kanga ina pindo, mji na jina, na mwanamke anapoichagua dukani husoma jina kwanza, kwa kuwa akishajifunga ujumbe ule unakuwa kama umetoka kinywani mwake. Ni nani atakayetaka kwenda arusini akiwa amebeba namba ya simu ya ofisi? Nyumbani kwetu ipo kanga ya namna hiyo, iliyotolewa kwenye hafla ya kazini, na tangu siku ile haijawahi kuvuka mlango: kazi yake ni kufunikia sufuria la wali. Wekeni methali ambayo mtu ataivaa kwa fahari, mathalani «Wema hauozi», na nembo ifichwe kwa ustadi ndani ya pindo, ndogo, kwa rangi za kanga yenyewe. Kumbukeni pia kwamba kiwanda hakiwashi mitambo kwa ajili ya doti hamsini. Ikiwa ninyi ni wachache, nunueni kwa jumla kanga iliyopo sokoni yenye jina zuri, na jina la kampuni liwe kwenye bahasha ya kuifungia.

Swali: Tunaweza kugawa mifuko ya plastiki yenye nembo kwenye maonesho ya Sabasaba?

Jibu: Hapana. Mifuko ya kubebea ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, na nchini Kenya tangu Agosti 2017. Mfuko wa turubai la pamba ni ghali zaidi, ila mtu huenda nao sokoni miezi mingi, nanyi mnatangazwa bure.

Swali: Muuzaji anataka alipwe fedha zote kabla ya kuanza kazi. Ni kawaida?

Jibu: Malipo ya awali ni kawaida, kwa sababu naye hununua fulana tupu kwa fedha taslimu, lakini kulipa zote si kawaida. Lipeni nusu baada ya kusaini sampuli, na sampuli hiyo ibaki ofisini kwenu. Ankara ya awali itaje uzito wa kitambaa, idadi kwa kila saizi, njia ya uchapaji na tarehe ya kupokea mzigo, iwe walau wiki moja kabla ya shughuli. Salio litoke mkishahesabu na kupewa risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi. Fungueni kila robota hadi chini kabisa, maana fulana ndogo zilizokosewa saizi hazipangwi juu.