Nilisogeza pembe nyuzi tano, nikarudia mwaka

Juzi mdogo wangu mmoja wa Kasulu kaniandikia: "Kaka, grafu yangu na data havikutani, na tasnifu naikabidhi Ijumaa. Nifanyeje?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Zamani ningemjibu upesi: sogeza kitu kidogo, vikutane. Ndivyo nilivyofanya mimi.

Uzamili wangu ulikuwa wa hesabu za kompyuta: ayoni za heli (atomu zilizopungukiwa elektroni) zenye nishati ya elektronivolti 1,000, kipimo kidogo cha nishati, zinagonga uso wa fuwele ya shaba, yaani shaba yenye atomu zilizojipanga kwa safu, na kutawanyika kwa pembe ya nyuzi 90. Tunaziita ayoni za polepole. Polepole yenyewe ni kama kilomita 220 kwa sekunde! Kigoma hadi Tabora, safari ambayo treni inakulaza njiani, zingeimaliza kabla ya sekunde mbili. Ila elektroni ndani ya atomu ya haidrojeni ina kasi mara kumi ya hiyo, ndiyo maana tunasema polepole.

Mgongano wenyewe ni wa gololi mbili. Heli nyepesi inaigonga shaba, inaiachia sehemu ya nishati, inaondoka na elektronivolti 881 hivi. Data za vipimo alizonipa msimamizi zilikuwa na kilele, yaani nishati waliyoondoka nayo ayoni wengi, kwenye 871. Kumi tu, nani atakufa? Nikabadilisha pembe kwenye programu kutoka 90 hadi 95, kilele kikashuka hadi 872. Usiku ule nilikula mgebuka pale Mwanga kama bwana harusi.

Kwenye jopo alikuwepo mama mmoja mpole. "Mwanangu, kipimo kilikuwa kwenye 90. Hii 95 umeitoa wapi?" Nikababaisha. "Haya, nifanyie dhahabu." Dhahabu ni nzito, heli haiitikisi sana: kwa nyuzi 90 inaondoka na 960, kwa 95 inaondoka na 957. Pembe yangu ya miujiza ilikuwa inashusha tatu tu, na data za dhahabu zilidai zaidi ya hapo. Nikabaki naangalia ubao. Kuna mtu nyuma alicheka. Kicheko kile hadi leo ningekitambua gizani.

Nilichokuwa nimekiruka ni elektroni. Ayoni ikipita kwenye metali inasuguana na elektroni zake, na kwa ayoni za polepole msuguano huo unakua sawia na kasi. Wanafizikia Fermi na Teller walishaligusa hilo mwaka 1947, Lindhard na Scharff wakalipa fomula yao mwaka 1961. Mimi nilikuwa nimezisoma kurasa hizo, nikazipita kama mtu anayewahi basi. Hasara hiyo haitokani na gololi kugongana, inafuata urefu wa njia. Ilaze ayoni karibu sambamba na uso wa fuwele, itateleza juu ya safu za atomu na kudunda kama mwanga kwenye kioo. Viini vya atomu havichukui karibu kitu, wanaokula ni elektroni. Na kuna floridi ya lithi, ambayo atomu zake zimepangwa kama za chumvi yetu ya Uvinza. Elektroni zake, tofauti na za metali, zinataka takriban elektronivolti 14 ndipo ziruke, kwa hiyo ayoni iliyo polepole sana inapita bila kutozwa sana. Hilo lilinifurahisha kuliko cheti.

Sasa nisikilizeni, wadogo zangu. Msisogeze pembe. Grafu ikikataa, iacheni ikatae, muulize nishati imekwenda kwa nani. Jaribuni marekebisho yenu kwenye metali nyingine kabla jopo halijawajaribia. Na msisogeze pembe! Kijana anayepika data chumbani kesho atapika vipimo vya maji ya kisima cha kijiji, nami nitamsema hadharani, hata awe ndugu.

Nilirudisha 90 yangu, nikaongeza msuguano wa elektroni, shaba na dhahabu zikakaa zote mbili. Mwezi uliopita nimepita, yule mama akanipa mkono. Yule wa kicheko nilimtafuta kwa macho ukumbi mzima. Hakuja.