Maswali na majibu ya lishe: Soya, lozi, oti au karanga?

SWALI: Shikamoo. Nipo Nkuhungu, Dodoma. Binti yangu wa miaka mitatu alipimwa hospitali, tukaambiwa ana aleji ya maziwa ya ng'ombe. Akinywa anatoka vipele na midomo inavimba. Baba yake naye akinywa maziwa freshi, tumbo linaunguruma na anaharisha. Nataka nyumba nzima tuhamie maziwa ya mimea. Dukani nimeona ya soya, lozi na oti, jirani anatengeneza ya karanga, na shangazi anasema ninunue ya mbuzi. Nichague yapi? Na mbona ya soya yanakatika nikiyatia kwenye kahawa?

JIBU: Marahaba, mama. Nyumba nzima isihame kwanza, maana tatizo la baba si tatizo la binti.

Dalili za baba zinaelekea kwenye laktozi, yaani sukari ya maziwa. Watu wazima wengi hupungukiwa kimeng'enya cha kuivunja, ikateremka hadi utumbo mpana, bakteria wakaichachua. Ndiyo hiyo gesi na kuharisha. Mtu wa namna hiyo mara nyingi huvumilia maziwa ya mgando, kwa sababu bakteria wa kugandisha wameshatumia sehemu ya laktozi. Aanze na nusu kikombe pamoja na ugali, asinywe tumbo tupu. Yakimkubali, hana haja ya kugharamia pakiti za lozi. Akiendelea kuharisha hata bila maziwa, aende kupimwa.

Binti ni habari nyingine. Mwili wake unapambana na protini ya maziwa ya ng'ombe, kwa hiyo mgando na jibini pia havimfai. Maziwa ya mbuzi msimpe kabisa: protini zake zinafanana mno na za ng'ombe, na watoto wengi wenye aleji hii huumwa na hayo pia. Shangazi anakusudia mema, lakini hapo hapana.

Kwa mtoto, mimi hutazama protini kabla ya kitu kingine. Kikombe cha maziwa ya ng'ombe cha mililita 250 kina kama gramu 8. Ya soya yasiyoongezwa maji kupita kiasi yana 6 hadi 8. Ya oti hufika 2 au 3, na ya lozi kwa kawaida hayazidi sana 1, hata kama pakiti imepambwa picha ya lozi tele. Geuza pakiti usome protini kwa mililita 100: ukikuta 3, hayo yanaweza kushika nafasi ya maziwa, ukikuta 0.4, unanunua maji yenye ladha. Tui la nazi liache kwenye wali na mboga, ni mafuta zaidi kuliko protini.

Kwa hiyo binti namchagulia soya, ila muulizeni kwanza daktari wake, kwa sababu baadhi ya watoto wenye aleji ya maziwa huikataa soya pia. Karanga nazo ni chakula cha aleji, usianze nazo bila ushauri huohuo. Tena zina hatari ya sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, na sisi wa Dodoma hatuhitaji kuhadithiwa: mwaka 2016 watu walikufa mkoani kwetu na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo. Kuchemsha hakuiondoi. Mwambie jirani achambue karanga kabla ya kukaanga, atupe zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu.

Ukitengeneza soya nyumbani, loweka kikombe kimoja usiku kucha, mwaga maji, kisha tia kwenye maji yanayochemka kwa dakika 5; hapo ile harufu ya maharage mabichi hupungua. Saga na vikombe sita vya maji, chuja kwa kitambaa, halafu chemsha dakika 20 ukikoroga. Povu litapanda mapema na kukudanganya kwamba yamechemka. Punguza moto, endelea, kwa sababu soya mbichi ina kitu kinachozuia mwili kumeng'enya protini. Makapi yaingize kwenye maandazi.

Haya ya nyumbani yana kalsiamu kidogo na hayana vitamini B12. Mpe dagaa wa kuliwa na miiba yake, mayai, na nyama au maini. Mchicha ni mzuri, lakini kalsiamu yake mwili huipata kwa shida. Kwa ya dukani, chagua yaliyoongezwa kalsiamu na uyatikise vizuri, maana hutuama chini.

Kuhusu kahawa: ina asidi, na asidi ikikutana na joto kali hugandisha protini ya soya. Hayajaharibika. Pasha maziwa kwanza, acha kahawa ipoe kidogo, kisha mimina kahawa taratibu ndani ya maziwa. Chai ya rangi haina asidi nyingi kama kahawa, kwa hiyo huko utasumbuka kidogo tu.