Toleo jipya kila wiki: nani atawajibika likiharibu?

SWALI: Tuko vijana wanne, tunauza programu ya stoo na mauzo kwa maduka ya dawa. Wateja wanataka kitu kipya kila wiki. Mwenzetu anasema tukianza kukagua usalama wa kila toleo, washindani watatupita. Na mkataba wetu unasema programu inauzwa kama ilivyo. Je, hilo halitukingi? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Ndugu, kutoa toleo kila wiki si kosa. Hatari ni kuwapelekea wateja wote kwa mkupuo. Tarehe 19 Julai 2024, CrowdStrike, kampuni ya Marekani ya usalama wa kompyuta, ilituma faili la maelekezo kwa programu yake ya ulinzi. Faili lilitarajia data 21, programu ikawa inatoa 20. Ilipotafuta ya 21 ilisoma nje ya kumbukumbu yake, na kwa kuwa inafanya kazi ndani kabisa ya Windows, mashine nzima ilianguka. Faili liliondolewa baada ya dakika 78, lakini kompyuta takriban milioni 8.5 zilikuwa zimeathirika, na nyingi ilibidi mtu azifuate moja moja alifute kwa mkono. Wateja waliweza kuchelewesha matoleo ya programu yenyewe. Mafaili ya aina hii yaliwafikia wote papo hapo.

Basi anzeni na maduka mawili kwa siku nzima ya mauzo, kisha robo ya wateja, ndipo wote. Jaribuni kurudisha toleo la zamani kabla hamjatoa jipya. Mara nyingi kurudi hukwama kwenye hifadhidata: mmeshafuta safu ya jedwali la data ambayo programu ya zamani bado inaisoma. Toleo hili liongeze safu mpya tu. Ya zamani ifutwe toleo lijalo.

Kila toleo liwe na jina la aliyeidhinisha, saa, na orodha ya vipande vyote mlivyochukua kwa wengine pamoja na namba za matoleo yake. Pengo la usalama la Log4j, kipande cha programu kilichomo ndani ya mifumo mingi, lilipotangazwa Desemba 2021, asiye na orodha hiyo alilazimika kupekua kila seva.

Kuhusu mkataba: hayo maneno hayafuti sheria. Mkihifadhi majina ya wagonjwa na dawa zao, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu. Mpelekeeni mwanasheria mkataba huo kabla ya kusaini na duka jingine.