Dar mpaka Matema kwa gari binafsi: vituo vingapi, na Kitonga tunaipitaje?

SWALI: Habari kaka. Mwezi wa nane tunataka kwenda familia nzima kutoka Tabata mpaka Matema, Ziwa Nyasa, na kurudi. Tuko mimi, mume wangu, mdogo wangu na watoto wawili, mmoja miaka 6 mwingine 9. Gari ni Noah ya auto, siku tulizonazo ni saba. Nimeandika vituo kumi, kila kimoja lisaa limoja: Mikumi, Udzungwa, Ruaha, Isimila, Kalenga, Kitulo, Ngozi, Daraja la Mungu, kimondo cha Mbozi halafu Matema. Nilifikiria siku ya kwanza tulale Mbeya ili tuokoe muda. Hiyo ratiba inawezekana? Na mlima wa Kitonga gari ya auto inapita vizuri? Mimi na mume wangu wote tunaendesha.

JIBU: Salama kabisa dada yangu, na hongereni kwa kufikiria huko kusini, maana wengi wakisikia safari ya kutembea akili inaenda Arusha tu wakati hii barabara ya Iringa na Mbeya ina vitu vya kuangalia karibu njia nzima. Mi kazi yangu ni kuendesha wageni huko na kwingine, kwaiyo nakujibu kama ambavyo ningempangia mgeni anayenilipa.

Ratiba yako haiwezekani kwa siku saba. Vituo ni vizuri vyote, ila umepanga kwa kuangalia ramani na kilomita, na barabara hii haipangwi kwa kilomita, inapangwa kwa masaa ya mwanga. Ukilikubali hilo mengine yote yanajipanga yenyewe.

Hesabu yangu iko hivi. Chukua kilomita, gawanya kwa 55. Najua utasema gari inakwenda 100 lakini hiyo ni ya kwenye dashibodi, kasi ya safari nzima haifiki hapo hata siku moja, kwa sababu kila kijiji kina kibao cha 50, kuna matuta, kuna trafiki na tochi zao, kuna mizani ambapo malori yanapanga foleni, halafu kuna semi trela za Zambia na Kongo ambazo mlimani zinatembea kama zinatafuta kitu walichodondosha. Kwaiyo 55 ndiyo namba ya kweli kwa mtu anayeendesha na watoto. Ukishapata masaa, ongeza dakika 20 kila baada ya masaa mawili, watu washuke wanyooshe miguu na nyie mpokezane usukani.

Sasa iweke Mbeya humo. Ni kama kilomita 830, gawanya 55 unapata masaa 15, ongeza mapumziko inafika kumi na saba na kitu. Mkitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri mnafika saa nne na nusu usiku, na giza linaanza kwenye saa kumi na mbili na nusu jioni, yaani masaa manne ya mwisho mnaendesha usiku mmechoka kwenye barabara yenye malori yaliyofeli bila taa, ng'ombe na watu wa baiskeli. Sikubaliani nayo hata kidogo, tena na watoto ndani. Na hapo hamjasimama kuangalia chochote, mmekaa tu kwenye gari.

Iringa ni kama 500. Masaa tisa na mapumziko moja na nusu, mkitoka saa kumi na moja alfajiri mko mjini kwenye saa tisa na nusu alasiri, jua lipo, mnatafuta chakula kwa raha na watoto wanakimbia kidogo kabla ya kulala. Siku ya kwanza lala Iringa. Hapo sina mjadala.

Halafu kitu kingine ambacho watu hawakifikirii, kituo kimoja kina taimu yake nzuri kwenda na taimu yake nzuri kurudi, sio lazima kila kitu mkione wakati wa kwenda. Chukua Mikumi. Barabara kuu inakatisha ndani ya hifadhi kama kilomita 50, na kupita kwenye lami hulipi kiingilio, unalipa ukiingia getini. Mkienda mtapita pale karibu saa tano, joto limepanda, wanyama wengi wako kivulini mbali. Mkirudi kutoka Iringa mnaondoka saa kumi na mbili asubuhi, Mikumi mnaingia kwenye saa nne hivi, uwezekano wa kuona tembo, twiga na pundamilia karibu na lami unaongezeka kidogo. Kwaiyo wakati wa kwenda piteni tu, wakati wa kurudi ndiyo mtembee polepole. Fuateni vibao vya spidi mle ndani, msishuke, na watoto wasiwarushie nyani ndizi hata wakililia. Ukigonga mnyama kuna faini, na inategemea ni mnyama gani.

Sasa vituo. Ruaha toa. Hifadhi iko kama kilomita 130 kutoka Iringa mjini, kwenda tu ni nusu siku, na ile hifadhi inataka ulale siku mbili ndiyo uione, kuikimbilia ni kuidhulumu. Udzungwa nayo toa, ni kama kilomita 60 kusini ya Mikumi kufika Mang'ula, na maporomoko ya Sanje yana kimo cha mita 170 na unayafikia kwa miguu mlimani, hiyo ni siku nzima peke yake. Kitulo ni ya maua na maua yake ni kuanzia mwezi wa kumi na moja mpaka wa nne, mwezi wa nane utakuta nyasi na baridi. Kimondo cha Mbozi kiko mbele ya Mbeya kuelekea Tunduma, nyie mnakatia Uyole, njia panda kabla ya Mbeya mjini, kushuka Tukuyu, kwaiyo kukifuata ni kwenda na kurudi zaidi ya kilomita 130 kwa kitu mtakachokiangalia nusu saa. Ni kitu kikubwa, tani zaidi ya kumi za chuma kutoka angani, ila kiwekeeni safari nyingine ya Tunduma au Zambia.

Kalenga napenda sana mtu aende, ndiko liliko fuvu la Chifu Mkwawa lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, lakini iko pembeni ya mji na kwa ratiba yenu itakula asubuhi ambayo nataka muitumie Isimila. Badala yake simameni Lugalo, iko njiani kabisa kabla hamjafika Iringa, kuna mnara wa Wajerumani waliouawa pale tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe walipowavizia wakamuua na kamanda wao Zelewski. Dakika kumi zinatosha, na mtoto wa miaka 9 akisimuliwa akiwa amesimama palepale anaelewa kuliko darasani.

Isimila sasa, hii msiiache. Iko kama kilomita 20 kutoka Iringa kwenye njia yenu ya kwenda Mbeya kwaiyo haiwagharimu kitu. Kuna zana za mawe za watu wa kale, wataalam wamezijua tangu 1951, na kuna korongo lenye nguzo za udongo na mchanga zilizochongwa na mvua na upepo, ndefu kuliko nyumba. Nendeni mapema, saa mbili muwe pale, kwa sababu chini kwenye korongo hakuna kivuli na saa sita panaunguza hata mwezi wa nane. Tenga masaa mawili. Kwenye karatasi yako umeweka lisaa limoja kwa kila kituo, na lisaa limoja la karatasi ni lisaa na nusu la kweli, maana kuna kupaki, choo, kulipia, picha, mtoto mmoja kapoteza kiatu.

Kutoka hapo mpaka Tukuyu ni kama 360, mnapita Mafinga kwenye misitu ya Sao Hill, Makambako ambako upepo wake unaingia mpaka kwenye mifupa kwaiyo masweta yakae juu ya mabegi sio chini. Jioni mnalala Tukuyu. Na hapa sikiliza, tarehe 8 ni Nane Nane na uwanja wa maonesho wa John Mwakangale uko palepale Uyole, wiki hiyo gesti na loji za Mbeya zinajaa na njia panda ya Uyole inakuwa na foleni. Aidha nendeni baada ya tarehe 10, au muwe mmeshalipia vyumba mapema.

Tukuyu mkae siku moja nzima. Ngozi ni ziwa lililoko ndani ya kreta, kupanda kwa miguu msituni ni lisaa na nusu mpaka mawili na mwishoni ni mwinuko mkali wenye utelezi. Huyo wa miaka 9 ataweza, wa miaka 6 mtambeba, kwaiyo gawaneni, wawili waende na mkubwa wakiwa na mwongozaji wa palepale kijijini, wengine wabaki mjini wale maparachichi. Mchana nyote mnakutana Daraja la Mungu, mwamba wa asili ambao mto Kiwira unapita chini yake, hapo hata mdogo anafika bila shida.

Halafu Matema, na hapa nakuomba uondoke Dar siku ya Jumanne. Sababu yake ni kwamba Jumamosi kuna mnada wa vyungu Lyulilo, jirani kabisa na Matema, Wakisi wanaleta vyungu vyao vya udongo kwa mitumbwi na watu wanavinunua kupeleka mikoa mingine. Mkitoka Jumanne mnalala Iringa, Jumatano na Alhamisi Tukuyu, Ijumaa mnashuka Matema taratibu, Jumamosi asubuhi mnadani na mchana mnaogelea na milima ya Livingstone imesimama mbele yenu, Jumapili saa kumi na mbili asubuhi mnaanza kurudi mnalala Iringa, Jumatatu Dar. Siku saba kamili, na hakuna siku mnayoendesha gizani ukiacha ule mwanzo wa alfajiri siku za kuondoka mapema. Vyungu vifungeni kwenye nguo katikati ya siti, sio kwenye buti.

Sasa Kitonga, ule mlima wenye kona kali kabla ya Iringa. Auto inapita bila tatizo, magari ya auto yanapita kila siku. Tatizo ni dereva anayeiacha kwenye D muda wote. Wakati wa kwenda mnapanda, adui yenu ni joto la injini, kwaiyo kabla ya safari fundi aangalie rejeta, feni, mpira wa maji, na ndani kuwe na koolanti sio maji ya bomba. Zima O/D (overdrive, ile gia ya juu kabisa) kama gari yako ina hicho kitufe, au shusha kwenye gia ndogo, gari itanguruma kidogo na ndivyo inavyotakiwa, ikiachwa D inakuwa inabadilisha gia juu chini juu chini na mafuta ya giaboksi yanachemka. Macho kwenye geji ya joto. Ikianza kupanda zima eisii (kiyoyozi) kwanza, ikiendelea tafuta sehemu pana usimame, bonneti fungua lakini kifuniko cha rejeta usikiguse mpaka ipoe kabisa.

Wakati wa kurudi mnashuka, na kushuka ndiko kunakoua. Kanuni ya madereva wa zamani ni kwamba gia unayopandia ndiyo unayoshukia. Weka 2, na penye mkali sana L, injini ndiyo ishike gari, breki unakanyaga kwa vipindi, unakanyaga mpaka spidi ishuke halafu unaachia zipoe. Ukikanyaga mfululizo breki zinapata moto, fluidi inachemka, pedali inazama chini na huna kitu tena. Ukisikia harufu ya kuungua pumzika. Pedi na fluidi ziangaliwe Dar, sio Iringa.

Usiovateki kwenye kona za Kitonga hata lori la mbele likikuwashia indiketa ya kushoto kukuruhusu, yeye haoni nyuma ya kona kama wewe usivyoona. Akiwasha ya kulia anakukataza, hapo mwamini moja kwa moja. Ukiona matawi ya miti yamewekwa barabarani jua mbele kuna gari limefeli, punguza hapohapo.

Matairi soma namba nne za mwisho ubavuni, mfano 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 mwaka 2019. Kama lina zaidi ya miaka sita mimi nisingelipeleka Matema hata kama kashata (meno ya tairi) zipo. Upepo jaza kufuata kibandiko cha mlangoni kwa gari lenye mzigo, asubuhi likiwa bado la baridi, na speya nayo ipimwe. Mtungi wa kuzimia moto na pembetatu viwepo, trafiki watauliza.

Mafuta: kwenda na kurudi na mizunguko ni kama kilomita 2,200, Noah yenye watu watano na mabegi weka kilomita 9 mpaka 10 kwa lita, kwaiyo panga bajeti ya lita 240. Jazeni Morogoro, Iringa na Makambako, msisubiri taa iwake, na kabla ya kushuka Matema jazeni Tukuyu.

Mwisho, jua. Mchana wakati wa kwenda linawapiga usoni kwa sababu mnaelekea magharibi, na asubuhi ya kurudi linawapiga tena kuanzia Iringa mpaka mnakaribia Kitonga. Kioo cha mbele kisafisheni kwa ndani usiku wa kuamkia safari, vumbi la ndani ndilo linaloleta ule weupe unaoziba macho. Miwani ya jua iwe miwili, wewe yako na mzee yake, na yule anayeona vizuri zaidi alfajiri ndiye aanze usukani Jumatatu.