Baba aliyechonga kigari cha mwanawe

Ndugu yangu, umeuliza kama ni haki kulalamika kwamba kigari kidogo cha mbao kilichoshinda mbio za maskauti wadogo (zile ambamo vigari huteremka vyenyewe kwenye ubao ulioinama wenye njia kadhaa) kilichongwa na baba mtu, ambaye baadaye alimfokea mwamuzi mbele ya watoto. Hayo ni mambo mawili, na la pili ndilo zito.

Msaada wa mzazi peke yake si kosa. Don Murphy, kiongozi wa maskauti wadogo, alipoanzisha mbio hizi huko California mwaka 1953, alikusudia mzazi na mtoto watengeneze kigari pamoja. Tatizo huanza pale msasa unapokuwa mkononi mwa baba jioni nzima, huku mtoto amekaa pembeni akisubiri kuambiwa achague rangi. Badala ya kumshtaki mtu, pendekezeni mbio za watu wazima zifanyike kando. Sisi wenye uchu wa kushinda (nami nimo) tutatulia humo.

Vigari vyote vipimwe kwa mizani moja, kikomo kikiwa wakia 5, yaani takriban gramu 142, kisha vifungiwe hadi mbio zianze, na kila kimoja kipite katika kila njia, kwa kuwa njia za ubao huohuo hazilingani kwa kasi.

Kuhusu kufoka, kiongozi wa kundi amwite baba huyo faragha, mwanawe asisikie, amweleze kwamba malalamiko hupelekwa kwa mwamuzi kwa utulivu baada ya duru kwisha, na kwamba akirudia, mbio zijazo atamsubiri mwanawe nje.