"Despite" haina "of": kwa wanaoandika Kiingereza kazini

Msomaji wa mtaa wa Sakina, Arusha, anayeandika ripoti za safari kwenye kampuni ya utalii, amenitumia sentensi yake iliyopigwa wino mwekundu: "Despite of the heavy rain, but all the guests reached the summit." Anauliza, mwalimu, kosa liko wapi? Yako mawili, na yote yametoka kwenye Kiswahili chake kizuri kabisa.

Tunasema "licha ya mvua". Ile "ya" inataka mwenzake, ndipo mkono unaandika "of". Lakini "despite" limeshabeba "ya" tumboni: "despite the rain", basi. Ukiitaka "of", chukua "in spite of", maneno matatu yenye nafasi katikati. "Inspite" kama neno moja halipo. Hizi mbili huchanganywa kwa sababu ni ndugu wa damu: "spite" ni "despite" lililokatwa kichwa, na zamani Waingereza wenyewe waliandika "in despite of". Siku hizi usiiandike.

Kosa la pili ni "but". Kwetu "ingawa mvua ilinyesha, lakini tulifika" haimshtui mtu. Kiingereza kinataka kiunganishi kimoja tu kwa vishazi viwili, yaani sehemu mbili za sentensi, kila moja na kitenzi chake: ama "Although it rained, we arrived", ama "It rained, but we arrived". Ukiweka vyote viwili, msomaji anangoja kishazi cha tatu ambacho hakiji. Ile "bado" yetu haina tatizo, "Although it rained, we still arrived", kwa kuwa "still" ni kielezi na haiungi chochote.

Sasa angalia kinachokuja nyuma ya neno, maana hapa ndipo wengi huanguka hata baada ya kuiacha "of". "Despite" na "in spite of" hufuatwa na nomino au kitenzi chenye "-ing". "Although", "though" na "even though" hufuatwa na sentensi kamili, yenye kiima (yule au kile kinachozungumziwa) na kitenzi chake. Kwa hiyo "Despite she was sick" ni kosa. Andika "Despite her illness", "Despite being sick" au "Although she was sick". Kukanusha, "not" hutangulia: "Despite not sleeping". Tendo lililokwisha kabla ya jingine huchukua "having": "Despite having paid in full, he was asked for the money again." Wapo wanaojiokoa kwa "despite the fact that". Si kosa, ila ni maneno manne yanayofanya kazi ya "although" moja.

Hiyo "-ing" ina mtego. "Despite being tired, the summit was reached at 6 a.m." Nani alichoka? Kwa sarufi ya Kiingereza, kilele ndicho kilichochoka, kwa sababu ndicho kiima cha kishazi kikuu, kile kinachoweza kusimama peke yake. Mrudishe mtu mahali pake: "Despite being tired, the guests reached the summit at 6 a.m." Kama viima ni viwili tofauti, achana na "-ing", tumia "although".

Kosa linaloniuma zaidi ni la "hata kama", kwa sababu linaharibu uhusiano na mgeni bila mwandishi kujua. Sisi husema "hata kama ulilipa" tukijua fika kwamba mtu alilipa. Kiingereza hapo kinatenganisha. "Even though you paid the deposit" maana yake ulilipa, nakubali. "Even if you paid the deposit" maana yake huenda ulilipa, huenda hukulipa. Mgeni aliyetuma pesa zake akisoma hiyo ya pili atadhani unatilia shaka malipo yake. "Even if" iwekee jambo lisilojulikana bado: "Even if it rains tomorrow, we will start at seven." "Regardless of" nayo ni "bila kujali": "regardless of the weather" haisemi mvua ilinyesha, "despite the rain" inasema ilinyesha.

Koma ni jambo dogo. Kifungu cha "despite" au "although" kikitangulia, weka koma baada yake. "Despite" ikija mwishoni, kwa kawaida koma haihitajiki. "However" si kiunganishi: usiibane kati ya sentensi mbili kwa koma tupu. Tangulia na nukta, kisha "However" na koma yake. "Notwithstanding", yenye maana ileile ya "despite", waachie wanasheria.

Sarufi ikishanyooka, kuna uamuzi ambao hakuna meneja atakayeuzungushia wino: kipi kiingie kwenye "although" na kipi kibaki kishazi kikuu. Kilicho kwenye "although" unakikubali na kukipunguza uzito. Kishazi kikuu ndicho hoja yako, na kikija mwisho ndicho kinachobaki sikioni. Chukua kundi la wageni sita wanaopanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame, inayopita kambi ya Barafu kabla ya kilele cha Uhuru. "Although two guests turned back at Barafu, four reached Uhuru Peak." Hiyo ni ya tangazo la kampuni. "Although four guests reached Uhuru Peak, two turned back at Barafu." Hiyo ni ya ripoti ya usalama, kwa sababu anayeisoma anataka kujua waliorudi walirudi kwa nini. Ukweli ni uleule. Ukipeleka ya kwanza mahali pa ya pili, msimamizi ataona unaficha waliorudi.

Na wewe wa Sakina, sentensi yako ni hii: "Despite the heavy rain, all the guests reached the summit." Umefuta maneno mawili tu.