Kubadili jina la programu bila kupoteza wateja

SWALI: Nimeunda programu ya simu ya kuwekea hesabu za mauzo, hasa kwa wafanyabiashara wa soko la Kongowea. Niliiita Koma, kwa kufupisha "Kokotoa Mauzo". Iko Play Store na watu wanaitumia. Sasa wazee wa Kigiriama pale sokoni hawataki hata kuiweka kwenye simu zao, na vijana wakiiona wanaambiana "koma!" na kucheka. Nikibadili jina nitapoteza wateja? – Msomaji, Kisauni

JIBU: Hutapoteza, mradi kuna kitu kimoja usikiguse. Programu ya Android ina majina mawili. Lipo la mbele, analoliona mteja chini ya alama, na kuna kitambulisho, kile kirefu chenye nukta kilichoanza na com. La mbele libadili utakavyo: ndani ya faili la strings.xml kwenye mstari wa app_name, kisha Play Console, ukurasa wa Google unakosimamia programu yako, ambako jina halizidi herufi 30. Kitambulisho, ukishachapisha, ndio basi. Ukiweka kingine, Google inaihesabu kuwa programu mpya: waliopakua zamani hawapati sasisho, nyota na maoni vinabaki kule, na hesabu zilizohifadhiwa ndani ya simu hazihami. Kiache na "koma" yake. Twitter ilibadilishwa jina ikawa X Julai 2023, lakini kwenye Android bado ni com.twitter.android.

Na jina la mbele libadili kweli. Wazee wale wana haki. Kwa Wamijikenda, na Wagiriama wakiwemo, koma ni mizimu ya wazee waliotangulia, na si heshima kuitaja juu ya bei ya nyanya na vitunguu. Ukiwaendea ukawaambia umesikia, naamini watakusaidia kupata jina jingine.

Mafundi wengi hufupisha maneno mawili, wakaona anwani ya intaneti iko wazi, wakaishia hapo bila kulitamka jina mbele ya mtu. Mwaka 2019 kampuni ya Kong ilitoa programu ya kusimamia mawasiliano kati ya huduma za seva, ikaiita Kuma. Kwa Kijapani ni dubu. Mhandisi wa Mombasa atalitaja vipi kikaoni, mbele ya wakubwa wake?

Kwa hiyo jina jipya lipeleke kwa watu kabla ya kulipeleka kwenye kompyuta. Mpe mama muuza mahamri, mtu wa Dar es Salaam, kijana wa Nairobi anayejua Sheng. Waambie walitie kwenye sentensi: "Fungua fulani uone deni." Sikiliza, tena angalia nyuso zao. Kisha liandike kwa herufi ndogo bila nafasi, kama litakavyokuwa kwenye anwani, maana maneno mawili yakishikana huweza kuzaa la tatu.

Likipita hapo, omba KIPI, taasisi ya Kenya inayosajili alama za biashara, wakutafutie kwenye daftari lao, daraja la 9 na la 42, yanakoingia programu na huduma za kompyuta. Usajili ni wa miaka 10 na unahuishwa. Kivinjari cha Firefox kilianza kama Phoenix, kikawa Firebird, na mara zote mbili kikakuta jina lina mwenyewe. Hili la sasa lilikuja 2004.

Siku ya kubadili, acha alama na rangi zilezile kwa muda ili mteja asidhani amewekewa kitu kigeni. Ujumbe wa kumweleza utokee ndani ya programu kabla ya sasisho, kwa Kiswahili chepesi, na umhakikishie kwamba madeni aliyoandika yako palepale.